Bei ya kusema "si kweli"

Kijana alikuwa amevaa ndala zisizofanana. Moja ya bluu, nyingine nyeupe iliyofubaa, na ile nyeupe ilikuwa ndogo kiasi kwamba kisigino kilining'inia nje. Hicho ndicho nilichokiona kwanza, kwa sababu nilikuwa benchi la nyuma na kizimba cha mahakama ile kilikuwa wazi kwa chini.

Sikuwa nimemfuata yeye. Nilikuwa nasubiri kesi nyingine, ya mtu ninayemfahamu, ambayo mwishowe haikuitwa siku hiyo. Karani alisoma shtaka kwa sauti ya mwalimu anayeita majina ya mahudhurio: wizi wa betri ya gari. Kisha akauliza kama wanavyouliza siku zote. Ni kweli au si kweli?

Kijana hakujibu mara moja. Aligeuka, akatafuta sura ya mtu nyuma yangu. Nami nikageuka. Dada mmoja aliyeshika bahasha ya kaki alimwitikia kwa kichwa, mara moja tu.

"Ni kweli."

Hakimu hakuinua macho. Aliandika. Dakika chache baadaye kijana alikuwa amehukumiwa kifungo cha miezi sita kinachohesabiwa tangu siku aliyokamatwa, na kwa kuwa alikamatwa miezi minane nyuma, alikuwa ameshamaliza kukitumikia hata kabla ya kuhukumiwa. Alikuwa huru kwenda nyumbani.

Kwenye korido nilimsogelea yule dada. "Hongera, dada." Niliona ndilo jambo la kusema.

Aliniangalia kidogo. "Hakuiba," alisema. "Ila angesema hakuiba wangemrudisha ndani. Upelelezi haujakamilika."

Maneno hayo yamenikaa kooni kwa wiki sita sasa. Sitaitaja mahakama yenyewe, kwa sababu sidhani ina dhambi ya peke yake.

## Jedwali

Kwa miezi kadhaa kabla ya siku ile nilikuwa natengeneza jedwali. Nchi upande wa kushoto, vigezo juu. Nilitaka kujua ni wapi mtu akishtakiwa kwa jinai anatendewa haki zaidi. Nilikuwa na safu ya uhuru wa majaji, ya wakili wa bure kwa asiye na uwezo, ya asilimia ya washtakiwa wanaotiwa hatiani, ya idadi ya wafungwa, ya adhabu ya kifo. Wapo wanaoifanya kazi hii kwa weledi wa kweli. Shirika la World Justice Project, kwa mfano, hutoa orodha yake kila mwaka, na nchi za Skandinavia hukaa juu ya orodha hiyo kana kwamba zimenunua viti. Mimi nilikuwa nafanya ya kwangu, ya usiku, kwa ubishi tu.

Niliporudi nyumbani siku ile nilijaribu kumwingiza kijana wa ndala kwenye jedwali.

Alifikishwa mbele ya hakimu. Alisomewa shtaka kwa lugha anayoielewa. Hakuna aliyempiga mbele yetu. Aliulizwa, akajibu kwa kinywa chake. Adhabu ilikuwa ndogo. Kila kisanduku kilipata alama ya vema.

Na dada yake anasema hakuiba.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba karibu safu zangu zote zilikuwa zinapima kesi. Naye hakuwahi kuwa na kesi. Kilichoamua mambo yake kilitokea kabla, ndani ya ile miezi minane, na kilihitimishwa kwa mtikiso mmoja wa kichwa. Nikafuta kichwa cha safu ya mwisho, nikaandika kingine: *Ukisema "si kweli," unalipa nini?*

## Siku 23

Nilianza na Japani kwa sababu ilikuwa imenisumbua tangu mwanzo. Kesi ikifika mahakamani kule, zaidi ya asilimia 99 huishia kwa hatia. Mara ya kwanza nilipoiona takwimu hiyo niliipigia mstari mwekundu: mahakama gani hii isiyojua kuachia mtu? Baadaye nikajifunza kwamba waendesha mashtaka wa Japani huziacha kesi nyingi sana njiani, hata zenye ushahidi, na hupeleka mbele zile tu wanazoamini haziwezi kuanguka. Nikafuta mstari mwekundu, nikaweka wa kijani. Ndivyo nilivyokuwa nafanya kazi, nchi nzima kwa kalamu mbili.

Safu mpya ilinitoa mahakamani ikanipeleka kwenye siku za kabla yake. Polisi wana saa 48 kabla ya kukukabidhi kwa mwendesha mashtaka, naye ana saa 24 za kuamua kama ataomba uzuiwe. Jaji akikubali ni siku 10, kisha 10 nyingine. Jumla siku 23, kabla hujafunguliwa shtaka lolote. Wakija na tuhuma ya pili, hesabu inaanza upya. Mara nyingi unalala kwenye selo ya kituo cha polisi wale wale wanaokuhoji. Haki ya kunyamaza unayo, lakini kunyamaza hakukunyanyui kutoka kwenye kiti, na wakili wako hakai nawe chumbani wakati wa mahojiano. Ukishashtakiwa na bado unakana, dhamana inakuwa ngumu zaidi kuipata, kwa hoja kwamba huenda ukaharibu ushahidi.

Wakosoaji wa Kijapani wenyewe wameupa mtindo huu jina: *hitojichi shihō*. Haki inayoshika mateka. Kikomboleo unacho mdomoni.

Iwao Hakamada alikuwa bondia wa zamani, umri miaka 30, akifanya kazi kwenye kiwanda cha miso, ule unga wa soya uliochachushwa, mkoani Shizuoka, alipokamatwa Agosti 1966 kwa tuhuma za kumuua bosi wake, mke wa bosi na watoto wao wawili. Alikana. Akahojiwa siku baada ya siku, saa nyingi kila siku, na baada ya takriban siku 20 akakiri. Kesi ilipoanza alikana tena, lakini neno lilikuwa limeshamtoka. Zaidi ya mwaka mmoja baada ya mauaji, nguo zenye damu zikaopolewa kwenye tangi la miso la kiwanda kile kile. Mwaka 1968 akahukumiwa kifo.

Alipojaribishwa suruali ile wakati wa rufaa, haikumwingia.

Mmoja wa majaji watatu waliomhukumu, Norimichi Kumamoto, alijitokeza mwaka 2007 na kusema hadharani kwamba tangu mwanzo hakuamini kuwa yule mtu ana hatia. Wenzake walimzidi kwa kura. Hakamada alikaa gerezani hadi 2014, maelfu ya asubuhi bila kujua kama hiyo ndiyo ya kitanzi, na akili yake ikaharibika humo. Septemba 2024, akiwa na miaka 88, mahakama ya Shizuoka ilimwachia huru na kutamka kwamba ushahidi ulitengenezwa na wapelelezi. Machi 2025 akapewa fidia ya zaidi ya yeni milioni 217, sawa na yeni 12,500 kwa kila siku aliyofungiwa, kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa na sheria yao.

Aliyempigania miaka yote hiyo ni dada yake, Hideko. Siku ya hukumu alikuwa na miaka 91.

Niliposoma hapo nilifunga kompyuta, nikamkumbuka yule wa bahasha ya kaki.

## Dola 88 na senti 30

Marekani nilikuwa nimeipa alama nyingi. Haki ya kukaa kimya ambayo kila mtazamaji wa filamu anaijua kwa moyo. Wakili wa serikali kwa maskini, tangu uamuzi wa *Gideon* wa 1963, uliotokana na barua aliyoiandika mfungwa kwa penseli. Raia, kwa kawaida 12, wanaokaa kusikiliza, na kwa makosa mazito lazima wote wakubaliane. Ukiangalia kesi yenyewe, ni vigumu kupata nyingine iliyozungushiwa ulinzi kama ile.

Ila karibu hakuna anayeifikia. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo yenyewe ilitaja kwamba asilimia 97 ya hatia za mahakama za shirikisho, na asilimia 94 za majimbo, zinatokana na watu kukiri. Jumba lile kubwa lenye nguzo wanaliona wachache. Wengine wanamalizana mlangoni.

Na mlangoni ndipo alipokuwa Paul Hayes, wa jimbo la Kentucky, miaka ya 1970. Shtaka lake lilikuwa kutumia hundi ya kughushi ya dola 88 na senti 30. Adhabu ya kosa lile ilikuwa kati ya miaka 2 na 10. Mwendesha mashtaka akamwekea mezani: kiri, nitapendekeza miaka 5. Ukinisumbua na kesi, nitakushtaki upya chini ya sheria ya wahalifu sugu. Hayes alikuwa na makosa mawili ya nyuma, na sheria ile ilikuwa na adhabu moja tu kwa mtu kama yeye: maisha.

Hayes akakataa. Akapatikana na hatia, akafungwa maisha.

Nimeusoma uamuzi wa rufaa yake, wa mwaka 1978, mara nyingi kuliko ilivyo afya. Majaji watano dhidi ya wanne walisema hakuna haki iliyovunjwa, maadamu mshtakiwa alikuwa huru kukubali au kukataa alichowekewa. Sitanii, kuna mantiki ndani yake. Mashtaka yote mawili yalikuwa halali. Mwendesha mashtaka hakudanganya, hakuficha, alisema bei wazi wazi kabla ya biashara.

Hiyo "wazi wazi" ndiyo inayonitisha. Hundi ni ile ile, mtu ni yule yule, makosa yake ya nyuma ni yale yale. Kati ya miaka 5 na maisha yote hakuna kilichoongezeka isipokuwa maneno mawili: si kweli. Na huyu pengine alikuwa na hatia kweli. Mlango hauulizi.

## Waliokataa

Kalief Browder alikuwa na miaka 16 alipokamatwa New York mwaka 2010 kwa tuhuma za kuiba begi la mgongoni. Dhamana ilikuwa dola 3,000. Familia haikuwa nayo. Akapelekwa gereza la Rikers. Kesi ikawa inaahirishwa, ikaahirishwa. Miaka mitatu, sehemu kubwa yake akiwa peke yake kwenye selo ya upweke. Mara kadhaa aliwekewa mezani makubaliano ya kukiri, na la mwisho lingemtoa siku hiyo hiyo.

Alikataa. Akasema hakuiba.

Mwaka 2013 mashtaka yalifutwa, bila kesi kusikilizwa. Mwaka 2015 alijiua.

Nilipofika kwake nilielewa kitu kuhusu mtikiso wa kichwa wa yule dada. Siku ile mahakamani, ndani ya moyo wangu, nilikuwa nimemhukumu kidogo. Ningekuwa mimi ningemwambia asimame na ukweli wake, nilijiambia. Mtu aliyelala kwake jana usiku ana ujasiri mwingi sana.

Uingereza nayo ina bei yake, ila wanaipeleka mwishoni. Andrew Malkinson alitiwa hatiani mwaka 2004 kwa ubakaji ambao hakuufanya. Hakukuwa na chembe ya vinasaba iliyomhusisha. Wazee wa baraza 10 walisema ana hatia, 2 wakasema hapana, na sheria ya kule inaruhusu hesabu hiyo. Akapewa kifungo cha maisha ambacho baada ya takriban miaka 7 angeweza kuanza kufikiriwa kuachiwa. Lakini ili uachiwe unatakiwa uonyeshe umelikabili kosa lako, upitie kozi, uzungumzie ulichofanya. Yeye hakuwa na cha kuzungumzia. Akaendelea kusema si mimi, akakaa miaka 17. Hatia ilifutwa Julai 2023.

Halafu likaibuka jambo ambalo, ningelisoma kwenye riwaya, ningesema mwandishi amezidisha chumvi. Mtu wa namna yake anapofidiwa, ilikuwa inawezekana kumkata gharama za kuishi "alizookoa" kwa kuwa gerezani. Chakula na malazi. Kelele zilipopigwa kanuni hiyo ikaondolewa, Agosti mwaka huo huo. Ujerumani, kwa kulinganisha, mwaka 2020 iliweka euro 75 kwa kila siku ya kufungwa kimakosa. Sijui ni nani anaweza kuketi akapanga bei ya siku moja.

## Siku saba

Wasomaji wa Kiswahili hawahitaji kwenda mbali hivyo.

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 49, inasema aliyekamatwa ana haki ya kuachiwa kwa dhamana au bondi kwa masharti ya kuridhisha, isipokuwa kuwe na sababu nzito. Hata kwa mauaji. Tanzania inasema kinyume kwa orodha ndefu ya makosa, mauaji, uhaini, ugaidi, utakatishaji fedha, unyang'anyi wa kutumia silaha: hayana dhamana, na hakimu hata angetaka mikono yake imefungwa. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinavunja Katiba. Agosti mwaka huo Mahakama ya Rufani ikakirudisha.

Sasa liweke hilo kando ya Septemba 2019, Rais John Magufuli alipowapa watuhumiwa wa uhujumu uchumi siku 7 za kukiri na kurejesha fedha watoke. Mamia waliandika barua. Mwaka huo huo makubaliano ya kukiri kosa yakaingizwa rasmi kwenye sheria. Nakumbuka tulivyolishangilia jambo lile vijiweni, kwamba wezi wanatapika. Nami nilishangilia. Sikujiuliza mtu aliyekaa mahabusu miaka bila dhamana, upelelezi haujakamilika, angeandika nini kwenye karatasi ile kama hakuwa ameiba. Wengi wao yawezekana waliiba kweli. Shida ni kwamba barua ya aliyeiba na ya asiyeiba zinafanana mwandiko.

Na hata penye dhamana, kuna ile ya Browder. Dola 3,000 kwa mmoja ni usumbufu wa mchana mmoja, kwa mwingine ni miaka mitatu. Wafini waliliona hili kwenye faini zamani, tangu 1921: faini kwa makosa mengi inahesabiwa kwa siku, na siku yako ina thamani ya kipato chako. Ndiyo maana mwaka 2023 tajiri mmoja wa visiwa vya Åland vya Ufini, Anders Wiklöf, alitozwa euro 121,000 kwa kuendesha gari kilomita 82 kwa saa penye kikomo cha 50. Watu waliicheka habari ile mitandaoni. Mimi nilibaki najiuliza kwa nini hesabu hiyo iishie kwenye faini isifike kwenye dhamana.

## Rafiki yangu wakili

Nilimpelekea haya yote rafiki yangu ambaye amekuwa mahakamani miaka mingi, upande wa mashtaka na upande wa utetezi. Nilitegemea anipongeze.

"Ndugu yangu," alisema, "umeandika kama mtu ambaye hajawahi kukaa na mlalamikaji."

Akanisimulia, bila majina, kuhusu binti aliyekuwa anasubiri kutoa ushahidi dhidi ya mjomba wake. Kila tarehe ya kesi ilipokaribia alikuwa anatapika. Asubuhi ya siku yenyewe mjomba alikiri, akapunguziwa adhabu, na binti hakulazimika kupanda kizimbani kuyasema yale mbele ya wanaume sita asiowajua. "Lile punguzo unalolilaani ndilo lililomnunulia yule binti usingizi. Ukiliondoa, anayelipa ni nani?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea. Kama kila mtu atakana, foleni itakuwa ndefu mara ngapi? Na walio kwenye foleni hiyo wako wapi? Mahabusu. "Kijana wako wa ndala angekuwa bado ndani."

Hapo nilitaka kuiacha makala hii. Siku nne sikuigusa.

Nilijaribu pia kukimbilia kwa Wafaransa. Kuna msemo wa zamani wa wanasheria kwamba ukiwa na hatia uombe kushtakiwa kwa Waingereza au Wamarekani, ukiwa huna, uombe mfumo wa Ulaya bara, ambako jaji mwenyewe anachunguza ukweli badala ya kuziacha pande mbili zivutane. Ningeupenda msemo huo uwe kweli. Lakini kuna Outreau. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu 17 katika mji mdogo wa kaskazini mwa Ufaransa walishtakiwa kwa unyanyasaji wa watoto, kesi ikiwa mikononi mwa jaji mpelelezi mmoja kijana. Mshtakiwa mmoja aliyekiri alitaja na wengine, na wengi wa waliokana walikaa rumande, baadhi kwa miaka. Mtuhumiwa mwingine, nje ya hao 17, alifia humo kabla ya kesi. Mwishowe 13 kati ya 17 walionekana hawana hatia, wa mwisho wao kwenye rufaa ya 2005. Jaji anayetafuta ukweli naye huchoka na mtu anayesema si kweli. Labda huchoka zaidi, kwa sababu anaona unampinga yeye.

## Theluthi ya nini?

Siku ya tano nilimpigia tena rafiki yangu. Nilikuwa na swali moja.

"Mjomba wa yule binti, siku anakiri, alikuwa anaishi wapi?"

"Nyumbani kwake. Alikuwa na dhamana."

"Na wakili?"

"Alikuwa naye. Mzuri tu."

"Ushahidi dhidi yake alikuwa ameuona?"

Kimya kidogo. "Wote. Ndio maana alikiri."

Mambo yalianza kunifungukia hapo, si yote, lakini ya kutosha kuendelea. Mjomba na kijana wa ndala walisema neno lile lile kwenye kizimba cha namna ile ile, na kwenye takwimu za mwaka wanahesabiwa pamoja. Mmoja alikuwa anakimbia ushahidi. Mwingine alikuwa anakimbia selo.

Nikarudi kwenye jedwali na jicho hilo. Uingereza mtu akikiri mapema kabisa hupunguziwa adhabu mpaka theluthi, siyo zaidi, na mwongozo wao umeandikwa kila mtu auone. Theluthi inasikika ndogo. Ila theluthi ya nini? Theluthi ya miaka mitatu ni mwaka mmoja, mtu anaweza kuuweka rehani kwa ajili ya jina lake. Theluthi ya miaka thelathini ni utoto wote wa mwanao. Nikaelewa kwa nini Norway ilikuwa inanitoroka kila nilipotaka kusema ni mapambo tu. Magazeti hupenda kupiga picha vyumba vya gereza la Halden, vyenye dirisha na dawati, na watu wanabishana kama wafungwa wanadekezwa. Mimi mwenyewe nilibishana. Kumbe la kuangalia lilikuwa dari: kwa makosa karibu yote kifungo cha kawaida hakivuki miaka 21. Penye dari fupi, mwendesha mashtaka hana ngazi ndefu ya kukutisha nayo. Hayes asingeweza kutokea pale, hata mwendesha mashtaka awe mkatili namna gani.

Upo utaratibu wa kifungo kinachoweza kurefushwa kwa wanaoonekana hatari, najua. Anders Breivik, aliyeua watu 77 mwaka 2011, yuko chini ya utaratibu huo na huenda asitoke. Siwasifu kama malaika.

Na wakili. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, mwaka 2008, katika shauri la *Salduz* dhidi ya Uturuki, ilikuwa na faili la mvulana aliyekamatwa akiwa na miaka 17, akakiri polisi bila wakili, akakana baadaye. Ikasema wakili anatakiwa awepo tangu mahojiano ya kwanza. Miaka ya nyuma yake, nchi kadhaa za Ulaya, Ufaransa ikiwemo, zilikuwa zinawaweka mawakili mbali na chumba kile na hazikuona tatizo. Mpaka 2011 Ufaransa ilikuwa imebadilisha sheria. Japani bado. Hicho kiti kimoja cha ziada chumbani, cha mtu asiyevaa sare, ningekibadilisha na nusu ya safu za jedwali langu.

Huenda kijana aliiba ile betri. Nimelikwepa hilo kurasa zote hizi. Dada ni dada, wangapi wangesema vinginevyo pale koridoni? Lakini nikikubali kwamba aliiba, makala haibadiliki hata mstari, na hilo ndilo linaloninyima raha kuliko yote. Mahakama ile haikuwa na haja ya kujua. Miezi minane ingemtoa jibu lile lile vyovyote iwavyo.

## Benchi la nyuma

Jumatatu iliyopita nilirudi. Sikuwa na kesi ya kusubiri. Nilikaa pale pale, nikiwa na daftari, kwa aibu ya mtu anayejifanya ana shughuli.

Kabla ya mapumziko waliitwa watu tisa. Mmoja hakuletwa, gari la magereza lilikuwa na hitilafu. Saba walisema ni kweli, mmoja wao kwa sauti ndogo hadi karani akamtaka arudie. Ilikuwa inakwenda haraka, karibu kwa mahadhi.

Wa mwisho alikuwa baba wa makamo, shati limepigwa pasi, mistari ya mikono bado imesimama. Nikafikiri, huyu kalala nyumbani.

"Ni kweli au si kweli?"

"Si kweli, mheshimiwa."

Hakimu akainua macho kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Karani akavuta daftari kubwa la tarehe, akalamba kidole, akageuza ukurasa, akageuza mwingine, na mwingine, akitafuta mwezi wenye nafasi.